Maumivu Mawili Katika Mwili Mmoja

Fundi cherehani wa Korogwe, mke na mama wa watoto watatu, anasimulia safari yake ya miaka mingi na magonjwa mawili ambayo majirani hawayaoni.

Mama msomaji, umewahi kuamka asubuhi ukashindwa kufunga kanga? Si kwamba kanga imepotea. Imo mikononi mwako, lakini vidole vinakataa kukaza fundo. Mimi yamenipata, tena si mara moja. Mwaka 2011 binti yangu wa kwanza alikuwa na umri wa miaka minane, na ndiye aliyekuwa akinifunga kanga kabla ya kwenda shule. Alifanya hivyo kimya kimya, baba yake asijue, kwa sababu mimi mwenyewe nilimwomba asiseme.

Nilizaliwa Handeni, upande wa Sindeni, nikaolewa Korogwe. Kazi yangu ni ushonaji. Nashona sare za shule, magauni ya harusi na sare za kwaya. Fundi cherehani huishi kwa vidole na kwa visigino, maana mashine ya miguu huendeshwa kwa unyayo kutwa nzima. Ugonjwa ulipokuja ulichagua hapo hapo.

MABAKA YALIYOTANGULIA

Mwaka 2009, miezi michache baada ya kujifungua mtoto wangu wa tatu, niliota baka chini ya kiwiko. Lilikuwa na rangi ya zambarau inayoelekea kijivu, na juu yake magamba meupe yanayopukutika kama unga. Baadaye yakaja magotini, kichwani na mgongoni. Kila nilipotandika kitanda nilikung'uta magamba kutoka kwenye shuka, na niliyafagia haraka kabla mtu hajaingia chumbani.

Niliambiwa ni fangasi, nikapaka dawa ya fangasi. Niliambiwa ni pumu ya ngozi, nikanunua mafuta mengine. Mama mkwe wangu hakusema neno, lakini nilitambua kwamba kikombe changu cha chai kimetengwa na vingine. Aliogopa ukoma. Simlaumu, kwa sababu wazee wetu waliuona ukoma kwa macho yao. Laiti mtu angetueleza mapema tofauti iliyopo: baka la ukoma mara nyingi lina ganzi, ukiligusa kwa unyoya mgonjwa hasikii. Mabaka yangu yalisikia kila kitu, na yaliwasha. Ugonjwa wenyewe unaitwa soriasisi, na hauambukizi hata kidogo, si kwa kikombe, si kwa taulo, wala si kwa kulala kitanda kimoja. Ni kinga ya mwili inayokosea na kuiharakisha ngozi, hata chembe mpya zikawahi juu kabla za zamani hazijaondoka vizuri. Picha nyingi za vitabuni zinaonyesha mabaka mekundu kwa sababu zimepigwa kwa watu weupe. Kwetu sisi weusi rangi ni nyingine, na labda ndiyo maana nilizungushwa sana.

Sitawaficha nililofanya mwaka 2010. Nilikwenda nyumbani Handeni kumsalimu mama, na wakati huo barabara ya kutoka Korogwe ilikuwa bado ya vumbi na mashimo. Mama alinitazama mgongo akalia. Kesho yake tukaenda kwa mganga wa kienyeji, nami nikiwa mama wa kanisa, nikachanjwa chale viwikoni, magotini na kiunoni. Baada ya wiki mbili hivi kila chale iligeuka kuwa baka jipya, yamepangana mstari mmoja mmoja kama mshono. Mganga alisema ni uchawi unaotoka. Miaka minne baadaye daktari aliniambia kwamba jambo hilo linajulikana tangu miaka ya 1870, lilipoandikwa na daktari Mjerumani aitwaye Heinrich Köbner: ngozi ya mwenye soriasisi ikikatwa, ikikwaruzwa au ikiungua, ugonjwa unaweza kuota palepale penye jeraha. Mpaka leo mistari ile ipo kiunoni.

KIDOLE KAMA MHOGO

Maumivu ya viungo yalifuata mwaka 2011. Kwanza kidole cha kati cha mkono wa kulia kilivimba chote, kuanzia shinani hadi nchani, kikawa kama mhogo. Kisha kisigino cha kushoto, pale nyuma ambapo kano inashika mfupa. Asubuhi nilikuwa nimekakamaa kama mti, na ilichukua saa nzima na zaidi ndipo nipate kushika mwiko. Cha ajabu, kadiri nilivyojilazimisha kutembea ndivyo nilivyolegea.

Nilipimwa damu kutafuta baridi yabisi, jibu likaja kwamba sina. Nikapimwa asidi ya yuriki, ikaonekana imepanda kidogo, nikaambiwa nina gauti na niache nyama nyekundu. Kwa kweli nilicheka. Nyumbani kwetu nyama ni ya Krismasi na Pasaka, na akija mgeni kutoka Dar es Salaam. Sikujua kwamba wenye soriasisi mara nyingi wana asidi hiyo kwa wingi bila kuwa na gauti, na kwamba ugonjwa wangu wa viungo kwa kawaida hauonekani katika kipimo cha baridi yabisi. Mtu mmoja aliniuliza hata kama niliwahi kuugua chikungunya, ile homa inayokunja watu viungo, ambayo jina lake ni la Kimakonde na ilitambuliwa kule Newala mwaka 1952 na 1953. Sikuwahi kuugua.

Kosa kubwa nililifanya mwenyewe. Rafiki alinishauri prednisoloni, nikanunua dukani bila cheti. Siku ya tatu nilikuwa mzima! Nilifua, nikatwanga, nikaimba kwenye mazoezi ya kwaya. Nilimeza kwa mwezi mzima, fedha zikaisha, nikaacha ghafla. Mama mwenzangu, ngozi yangu ilifumuka mwili mzima, nikalala siku nyingi nikitetemeka. Madaktari wanalijua hilo: dawa hiyo ikimezwa na mwenye soriasisi kisha ikasimamishwa, ngozi inaweza kulipuka vibaya kuliko mwanzo. Hata klorokwini, iliyokuwa dawa yetu ya kwanza ya malaria hadi mwaka 2001, iliweza kuwachochea baadhi ya wagonjwa wa soriasisi. Katika wilaya yenye malaria kama yetu, ni vizuri kumwambia anayekutibu kila mara kwamba una ugonjwa huu.

Nilikonda. Mama aliyekonda, mwenye mabaka, anayechechemea: unajua majirani walisema nini. Maneno yalimfikia mume wangu kazini. Alirudi jioni, akakaa muda mrefu bila kuvua viatu, akasema, "Mama watoto, twende tukapime." Tulipimwa wote wawili pale hospitali ya Magunga, na wote wawili hatukuwa na virusi. Nilikasirika njia nzima kwa sababu ya majirani. Lakini leo nasema tulifanya sawasawa. Mwaka 2000 madaktari wa Lusaka, Zambia, waliandika juu ya wagonjwa wao wa soriasisi ya viungo, na karibu wote walikuwa na virusi vya UKIMWI. Kwa hiyo daktari akikuomba upime, si kwamba anakutukana. Anatafuta njia ya kukutibu.

MOSHI, MWAKA 2014

Mwaka 1992 pale KCMC, Moshi, kilianzishwa kituo cha kufundishia wataalamu wa magonjwa ya ngozi kwa nchi nyingi za Afrika. Nilifika huko mwaka 2014 kwa rufaa, nikiwa nimeuza cherehani moja kati ya mbili nilizokuwa nazo. Daktari hakuanza na mabaka. Alisema, "Mama, nionyeshe kucha." Kucha zangu zilikuwa na vishimo vidogo vidogo, kama mtu amezidonoa kwa ncha ya sindano. Kwa miaka mitano hakuna aliyezitazama, na mimi nilizificha kwa rangi. Akabonyeza kisigino, akatazama kidole, akauliza habari za asubuhi zangu. Akaniambia mabaka na viungo ni ugonjwa mmoja, soriasisi ya viungo. Hata huko Marekani haukutambuliwa rasmi kuwa ugonjwa wa peke yake hadi mwaka 1964. Kipo kipimo cha kuona mifupa iliyoliwa, lakini damu pekee haitoshi kuujua. Lazima mtu akutazame.

Nilipewa methotreksati. Dawa hii ninaomba tuizungumze taratibu, kwa sababu humezwa siku MOJA tu katika wiki. Mimi nilichagua Ijumaa jioni, vidonge sita kwa pamoja, na siku nyingine ninameza asidi ya foliki. Ukiimeza kila siku inaweza kukuua, maana inashusha damu na kuharibu utumbo. Safari moja nilinunua dawa katika duka ambalo sitalitaja, na muuzaji akaandika juu ya bahasha "6 x 1", kama dawa za kila siku. Kama nisingekuwa nimeelezwa vizuri, ningemeza. Tangu siku hiyo naandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu: IJUMAA TU. Pia damu na ini hupimwa mara kwa mara, na pombe haifai.

Jambo la pili lilikuwa zito zaidi nyumbani. Mwanamke anayetumia methotreksati hapaswi kushika mimba, kwa sababu dawa inaua au inaharibu mtoto tumboni. Akitaka mtoto, anapanga na daktari, anaiacha miezi kadhaa kabla, na zipo dawa nyingine za kushika nafasi hiyo, kama salfasalazini. Sisi tulikuwa na mabinti watatu. Nadhani umeshaelewa. Mama mkwe alikuwa akisubiri mjukuu wa kiume, na aliniambia mbele ya wifi zangu kwamba dawa isiyotaka watoto si dawa ya mke wa mtu. Mume wangu alijibu, kwa upole sana, "Mama, mimi namtaka huyu aliyepo." Mama hakuongea naye kwa wiki mbili. Tulianza uzazi wa mpango mwezi ule ule. Sisemi kwamba haikuniuma. Bado inaniuma nikiona kitoto cha kiume kimevaa sare niliyoshona mimi.

UGONJWA USIOVIMBA

Kufikia mwaka 2015 ngozi yangu ilikuwa imetulia na kidole kimerudi karibu na ukubwa wake. Tulitoa sadaka ya shukrani. Na hapo ndipo ilipoanza habari ambayo hasa ndiyo iliyonifanya niandike makala haya.

Nilianza kuumwa kila mahali. Si viungo, ni nyama: mabega, mapaja, mbavu, shingo. Niliamka kana kwamba nimetwangwa kwa mchi usiku kucha. Mkanda wa gauni uliniumiza. Mtoto akinikumbatia nilikunja uso, naye akadhani simpendi. Nililala saa nane na kuamka nimechoka kuliko nilivyolala. Nikaanza kusahau. Kwaya moja ilinipa sare kumi na mbili, nikapima vizuri, nikaandika, kisha nikakata mikono yote kumi na mbili kwa kipimo cha mtu mmoja, mfupi kuliko wote. Kitambaa nilikilipa mimi.

Vipimo vyote vilikuwa safi. Viungo havikuvimba. Nilirudi hospitali mara tatu, na mara zote nilielezwa kwamba dawa inafanya kazi vizuri na kwamba sina kitu. Wifi yangu alisema, "Zamani alikuwa anaumwa, sasa amezoea kuumwa." Usiku nilijiuliza kama ana haki. Ukiwa na kidole kilichovimba angalau una cha kuonyesha. Zaidi ya hayo, daktari mmoja, kwa kuwa nililia kwamba naumwa, aliniongezea methotreksati. Nilipata kichefuchefu cha siku mbili kila wiki, na maumivu hayakupungua hata kidogo.

Mwaka 2018 nilionwa na daktari mwanamke. Alinibonyeza taratibu sehemu nyingi zisizo viungo, na kila mahali niliruka. Akauliza juu ya usingizi, akauliza juu ya kusahau. Kisha akasema nina ugonjwa wa pili, fibromialjia. Akanieleza kwa mfano wa redio: habari inayosomwa ni ile ile, lakini mtu amepandisha sauti hadi mwisho. Misuli yangu haikuharibika. Mishipa ya fahamu na ubongo ndivyo vilivyopandisha sauti ya maumivu. Huu nao hauna kipimo cha damu. Madaktari wa Marekani waliuwekea vigezo mwaka 1990, wakahesabu sehemu 18 za kubonyeza, na mwaka 2010 wakaviandika upya wakitilia maanani uchovu, usingizi na kusahau. Unawapata wanawake zaidi. Na wenye soriasisi ya viungo huupata mara nyingi kuliko watu wengine, karibu mmoja kati ya watano. Mwili uliokaa na maumivu kwa miaka unajifunza kuumwa.

Nililia pale pale kwenye kiti, si kwa huzuni. Nilikuwa nimepewa jina. Alipunguza methotreksati ikarudi kipimo cha zamani, kwa sababu dawa ya uvimbe haishushi sauti ya redio. Aliniandikia amitriptilini, kipimo kidogo cha usiku. Dirishani msichana wa dawa alisoma cheti, akaniambia kwa sauti iliyosikika benchi zima, "Mama, hizi ni za wagonjwa wa akili." Ni kweli hutumika pia kwa huzuni kubwa, kwa kipimo kikubwa zaidi. Kwangu ni ya usingizi na maumivu. Nilizichukua nikiwa nimeinamisha uso, jambo ambalo leo nisingelifanya.

Lakini dawa iliyonisaidia zaidi ni miguu yangu. Daktari alisema nitembee kila siku dakika kumi, si zaidi, na nisiruke siku. Nilimwona kama ananidhihaki. Wiki mbili za kwanza maumivu yaliongezeka. Nilikwenda hadi relini na kurudi, polepole kama bibi harusi. Mwezi wa tatu nikafika dakika ishirini, na usingizi ukaanza kurudi.

KUYATENGANISHA

Sasa kila asubuhi, kabla sijatoka kitandani, najiuliza ni nani amekuja. Kama kukakamaa kunazidi nusu saa, kama kidole kimoja au kisigino kimevimba na kina joto, na kama nikisogea napata nafuu, huyo ni wa viungo, na akikaa wiki naenda hospitali. Jicho likiwa jekundu na kuuma nisingojee hata siku moja, kwa sababu ugonjwa huu huingia hata machoni. Kama mwili wote unauma, hakuna uvimbe, na juzi nilikesha msibani, huyo ni yule mwingine. Sihitaji dawa zaidi, nahitaji kulala, kutembea na kupunguza kazi bila kuziacha zote. Kuna siku wanakuja wote wawili. Kuna siku ninakosea.

Nyumbani tumejipanga upya. Mashine imefungwa mota, kisigino kimepumzika. Mpini wa mwiko nimeuzungushia kitambaa unenepe. Nazi hukamuliwa na binti wa mwisho. Maji, ambayo kwetu Handeni ni vita ya tangu zamani, huchotwa kwa madumu ya lita kumi badala ya ndoo kubwa, na mume wangu huyabeba kwa baiskeli bila aibu. Habari za chumbani nitasema neno moja tu: kumwambia mume "leo naumwa" ni bora kuliko kujifanya umelala. Miaka mingi nilijifanya nimelala, naye alidhani nimemchoka.

Katika kanisa nimekutana na ya kila namna. Dada mmoja aliniombea kwa machozi, kisha akanitaka nitupe vidonge kama ishara ya imani. Nilimuuliza mchungaji, akasema, "Meza, mama, nasi tuendelee kuomba." Mkewe alikuja siku moja, akanikuta nimelala kochini, hakuhubiri wala hakuuliza. Aliosha vyombo vyote, akaanika, akaondoka. Hiyo ziara sijaisahau.

Mwaka 2023 binti yangu wa kwanza, yule aliyekuwa akinifunga kanga, alikuja likizo kutoka chuo cha ualimu akiwa amefunga kitambaa kichwani nyumba nzima ikishangaa, kwani si kawaida yake. Siku ya nne nilimvua. Nyuma ya masikio kulikuwa na magamba meupe. Alikuwa ameyaficha miezi mitano. "Sikutaka uumie, mama," alisema. Ugonjwa huu hutembea katika damu ya ukoo, ingawa watoto wengi wa mama mwenye soriasisi hawaupati, na wenye soriasisi ambao hatimaye huumwa viungo hawazidi theluthi moja hivi. Nilimwambia hayo yote. Kisha nikamwita dirishani penye mwanga, nikashika vidole vyake kimoja kimoja. Kucha nane zilikuwa laini. Mbili zilikuwa na vishimo.

Jumatatu tulipanda basi la alfajiri kwenda Moshi. Mkoba alibeba yeye.